Muhula wa Kuhamishana Viti

Siku ile hakuna aliyepiga makofi.

Darasa zima lilikuwa limekaa tayari kwenye chumba cha kompyuta, kila mtu mahali pake. Bosi alikuwa mbele karibu na ubao, mikono kifuani, kidevu juu. Hesabu alikuwa kando yake na kipande cha chaki. Nyuma, kwenye madawati yaliyobandikwa namba, walikaa wale walioitwa Kumbukumbu, kila mmoja ameficha karatasi yake chini ya kiganja. Zamu alikuwa dirishani. Tarishi, kijana mwenye miguu mirefu kama ngazi, alikuwa ameshainua kisigino. Na katikati ya chumba alisimama Rejista, msichana ambaye habari hii ni yake, mkono umenyooka, kiganja wazi, akingoja kupewa namba ya kushika.

Hivyo ndivyo mwalimu wao alivyowafundisha misingi ya kompyuta. Mashine za shule zilikuwa chache, tena nusu yake zilishakata kauli, naye alichoka kuchora ubaoni visanduku na mishale ambavyo wanafunzi walinakili bila kujua wanachonakili. Akaamua darasa lenyewe liwe kompyuta. Kila mtu akapewa kiungo chake na jina la kiungo hicho, mpaka majina ya nyumbani yakasahaulika. Zamu hutaja namba ya dawati linalofuata. Tarishi hukimbia huko na kuleta karatasi. Bosi huisoma na kutoa amri: lete namba fulani, ijumlishwe, irudishwe mahali fulani. Rejista hushika namba moja tu mkononi mpaka itakapohitajika, na Hesabu huijumlisha. Zamu huongeza moja, na mzunguko unaanza upya.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Saa. Husimama mlangoni na kupiga kofi, pa! Kofi moja, hatua moja. Pasipo kofi hakuna aliyetikisika.

"Prosesa haina hiari," alipenda kusema juu ya ubongo huo wa kompyuta. "Iwe na mbio za swala, saa isipogonga ni bati tu."

Mwalimu huyo alikuwa mjomba wa Rejista, ndugu wa mama yake, tumbo moja. Waliishi wote ua mmoja pamoja na bibi, na chumba cha mjomba kilitazamana na jiko. Asubuhi hiyo Rejista alitangulia ili akafagie chumba cha kompyuta. Mjomba alikuwa ameketi kizingitini anavaa viatu.

"Tangulia, mjomba," alimwambia, maana waliitana hivyo hivyo wote wawili. "Nafunga kamba, nakuja."

Hakumaliza kufunga. Moyo ulimsimama palepale kizingitini, kiatu kimoja kimefungwa, kimoja bado.

Darasani walianza kutaniana. "Umeme umekatika," Hesabu alisema. "Saa imeisha betri," Tarishi akadakia, na wote wakacheka. Rejista naye akacheka. Kicheko hicho alikuja kukichukia baadaye kuliko kitu chochote. Karani wa shule alipofungua mlango hakutazama mtu mwingine. Alimtazama yeye, na mkono wake ulikuwa bado umenyooka, kiganja kitupu.

*

Msiba haupigi hodi, na ukishaingia hauna haraka ya kutoka. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Mama alirudi kwenye cherehani yake, akawa anashona bila kuinua kichwa. Bibi, aliyekuwa na mdomo wa kuchekesha mpaka kuku, akawa mtu wa kuitikia tu. Viatu vya mjomba vilibaki kizingitini. Hakuna aliyetaka kuwa yeye wa kuviondoa.

Shuleni mambo yalikwenda kasi zaidi. Makamu wa mkuu wa shule, mtu mwenye suti iliyonyooka kuliko maneno yake, alikipiga kufuli chumba cha kompyuta, akazifunika mashine kwa vitambaa "zisipate vumbi," na somo akamkabidhi mwalimu wa hisabati. Mwalimu huyo hakuwa mtu mbaya. Aliingia na kitabu, akasoma, wao wakaandika. Rejista aliandika mpaka kidole kikaota sugu, na kila alipofika mwisho wa ukurasa hakuweza kusema alichokiandika.

Ukaja mtihani wa majaribio. Swali kubwa kuliko yote lilisema: eleza hatua ambazo prosesa hupitia katika kutekeleza agizo moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Wanafunzi wakatazamana na kutabasamu. Hilo si swali la kubahatisha, hilo walilijua kwa miguu na mikono. Kila mmoja aliinama akaandika bila kuinuka, na nje wakapongezana.

Matokeo yalipotoka, swali lile walikuwa wameanguka wote, kama maembe ya dhoruba.

Asubuhi iliyofuata, mstarini, Makamu alipanda ngazi za ofisi na fungu la karatasi mkononi.

"Sikilizeni utaalamu huu," alisema, akavaa miwani. "Mtahiniwa wa kwanza anaandika: 'Nasimama na mkono wazi mpaka nitakapopewa.' Unapewa nini, binti, sadaka?"

Shule nzima ikaangua kicheko. Rejista alihisi masikio yanawaka. Maneno yale yalikuwa yake.

"Huyu mwingine: 'Nakimbia kufuata karatasi, naileta, nakimbia tena.' Huyu tulimsajili somo la kompyuta au riadha?"

Tarishi aliinamisha kichwa, na kwa urefu wake ilionekana kama mnazi umevunjika.

"Na huyu hapa ameandika mstari mmoja, hataki hata kujieleza: 'Nasoma agizo, naamuru, wanatii.' Mheshimiwa, samahani kwa usumbufu!"

Kicheko kilipotulia, Makamu alikunja karatasi, akashusha sauti, ile sauti yake ya kusomea rambirambi.

"Siwalaumu watoto. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa watu. Lakini tuseme kweli. Hakuwafundisha, aliwachezesha. Wenzenu mwaka mzima wanasoma, ninyi mnacheza kombolela."

Maiti haulizwi sanda, wazee walisema. Kumbe haulizwi hata ushahidi.

Rejista hakujua miguu ilimtoa vipi mstarini. Alijikuta tu yuko mbele ya ngazi, na sauti iliyokuwa ikitoka ilikuwa yake.

"Muhula haukuisha!"

"Nini?"

"Mwalimu hakumaliza. Alikufa katikati. Mtu akifa chungu kiko motoni, utasema hakujua kupika kwa sababu chakula ni kibichi?"

Makamu alimnyooshea kidole mahali alipotoka.

"Rudi mstarini, binti. Uchungu wako tunauelewa."

"Hamuuelewi. Umemsema hapa, mbele ya watu, naye hawezi kukujibu. Lifute hilo neno hapahapa."

Aliitwa ofisini. Makamu hakumchapa wala hakufoka. Alimkaribisha kiti, na hilo lilimkera Rejista zaidi.

"Sikia," alisema, akichezea kalamu. "Mimi ni mtu wa ushahidi. Mtihani wa mwisho ukija, swali lile mkilifaulu, nitasimama palepale niseme nilikosea. Mkianguka, utakuwa umejibiwa bila mimi kusema neno. Ni haki hiyo?"

"Ni haki. Basi tupe ufunguo wa chumba tujiandae."

"Chumba ni mali ya shule, si uwanja wa ngoma. Notisi mnazo. Someni."

*

Njia nzima ya kwenda nyumbani hasira ilimbeba. Kwenye kona ya mtaa wao ikamshusha, na nyuma yake kukawa na kitu kibaya zaidi ya hasira. Makamu alimtukana marehemu, sawa. Alisoma karatasi za watu hadharani kama mtu anayeanika nguo za ndani za jirani, sawa. Lakini majibu yale yalikuwa mabovu kweli. Yeye Rejista alijua kushika namba. Alichokuwa anakifanya Zamu kule dirishani hakukijua, wala hakujua Bosi alisoma nini kwenye karatasi. Je, kama mjomba aliwachezesha kweli?

Bibi alikuwa uani na ungo wa mchele mapajani, anachambua bila kuangalia.

"Mke mwenzangu," alisema, "uso huo umeutoa wapi? Au kuna mwingine anataka kuninyang'anya mume?"

Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu msiba. Rejista alikaa chini akasimulia yote, machozi na kamasi juu. Bibi alisikiliza. Ungo ulisimama.

"Nani amesema mwanangu alikuwa anacheza?"

"Makamu."

"Yule mwenye suti ya kubana kwapa? Aliyekuja msibani akala sahani mbili, ya tatu akaomba afungiwe?"

"Huyohuyo. Lakini bibi, tumeanguka kweli. Kila mtu aliandika kiungo chake tu. Hakuna aliyejua cha mwenzake."

"Kwani ninyi hakuwahamisha?"

"Kutuhamisha wapi?"

"Viti!" Bibi aliuweka ungo chini. "Sisi hapa alituhamisha mpaka tukamchoka. Umesahau?"

Rejista alikumbuka nusu. Mjomba alikuwa na desturi ya kulijaribu kila somo jikoni kwa watu wa nyumbani kabla ya kulipeleka shule. Mara ya kwanza bibi alipewa kuwa Kumbukumbu, "kwa sababu mama, ukilala, asubuhi umesahau yote." Mama akawa Diski, kwa sababu yeye hasahau kitu, hasa ubaya. Rejista alicheka nao siku hiyo. Jioni zilizofuata alijifungia na madaftari yake, akawaachia wenyewe.

"Ulikuwa ndani unasoma," bibi alisema. "Akaja akaniambia, mama, leo wewe ni Bosi. Nikamwamuru mpaka akaomba maji. Siku nyingine Zamu. Siku nyingine ati Tarishi, na goti langu hili! Nikamwuliza, wewe mtoto, unataka kuniua niwe nimekuzaa bure? Akasema, mama, mtu akikaa kiti kimoja atakijua kiti. Mimi nataka waijue nyumba. Muhula huu wazoee kiti, muhula ujao nitawahamisha."

Cherehani chumbani ilikuwa imenyamaza. Mama alitokea mlangoni na uzi mdomoni.

"Alisema hivyo," alithibitisha. "Mimi sisahau."

Muhula ujao ulikuwa ndio huu. Umekuja, na aliyeuahidi yuko chini ya udongo, na juu ya udongo huo mtu amesimama anamwita mchezaji. Rejista alihisi ile hasira inamrudia, lakini safari hii ilikuwa na mahali pa kukanyaga.

"Waite," bibi alisema.

"Kina nani?"

"Hiyo kompyuta yako. Waje hapa. Chumba wamekifunga, ua wangu hauna kufuli."

*

Jumamosi alasiri walikuja, kwanza kwa aibu, wakiamkia kwa sauti ndogo. Waliokaa madawati ya nyuma wakapewa ndoo zilizopinduliwa, stuli, kinu kilicholazwa, na kiti cha cherehani ambacho mama alikitoa bila kuombwa. Namba ziliandikwa kwa chaki. Kisha Rejista akawaambia la mjomba, na akaanza kuwahamisha.

Hapo ndipo kelele zilipoanza.

"Mimi Tarishi?" Bosi alishika kiuno. "Mimi nikimbie?"

"Ulisema unaamuru, wanatii," Hesabu alimkumbusha. "Leo tii kidogo, mheshimiwa. Jasho si ugonjwa."

Tarishi wa zamani alipokalishwa kiti cha Bosi aliganda. Aliishika karatasi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. "Nimezoea kuileta," alinung'unika. "Sijawahi kuisoma." Zamu akawa Hesabu, Hesabu akaenda kukalia ndoo. Rejista akachukua nafasi ya Zamu, karibu na kamba ya kuanikia nguo, na mmoja wa Kumbukumbu akachukua nafasi yake.

"Na Saa?" mtu aliuliza.

Wote walitazama kizingiti cha mjomba, kisha wakageuza macho. Bibi aliinuka kwa kujishika goti, akaenda pale, akainama akaviokota vile viatu, akaviingiza ndani. Akarudi akaketi kizingitini.

"Kofi moja, hatua moja," alisema. "Najua. Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga makofi."

Pa!

Mlio ulikuwa uleule. Hakuna aliyetikisika. Tarishi wa zamani alifuta macho kwa ile karatasi, na Bosi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, alikuwa akitazama juu kana kwamba anasoma mawingu.

"Mbona mmeganda?" bibi alifoka. "Au na nyie mnangoja notisi?"

Pa! Rejista akataja namba. Pa! Bosi akakimbia, akajikwaa kwenye kinu, akaleta karatasi. Pa! Tarishi akasoma kwa sauti: leta namba iliyo kwenye ndoo ya bluu. Polepole, kama gari linalowashwa kwa kusukumwa, ua ulianza kwenda. Rejista aligundua jambo ambalo hakulitegemea: Zamu hajui chochote. Hajui hesabu, hajui amri, hata karatasi haioni. Anajua tu kinachofuata. Na bado, bila yeye, Bosi na ubosi wake wote hana cha kusoma.

Jua liliposhuka nyuma ya paa, mambo yakaharibika ghafla. Rejista alisikia kofi, akataja namba mpya. Bosi alikuwa hajarudi hata na karatasi ya kwanza. Akasimama katikati ya ua, hajui aende wapi. Aliyepewa kazi ya Hesabu akajumlisha namba ya zamani. Jibu likatoka la ajabu.

"Bibi! Umepiga kabla ya wakati!"

"Sijapiga."

"Tumesikia!"

"Hilo si kofi lenu." Bibi aliwaonyesha kiganja. "Nimeua mbu."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kisimuume Rejista. Na katikati ya kicheko hicho Bosi, akihema, jasho likimtiririka, akasema polepole:

"Ngoja. Kwa hiyo Saa haiwezi kugonga upesi kuliko kiungo kinachochelewa kuliko vyote. Ikigonga upesi zaidi, mmoja atakuwa bado yuko njiani, na wenzake watafanyia kazi kitu cha zamani."

Wakamtazama.

"Ndiyo maana," Tarishi akasema, "mwalimu alikuwa akinitazama miguu kabla ya kupiga."

Hakuna kitabu kilichokuwa kimewaambia hilo, au kama kilisema, waliliandika bila kulisoma. Tangu siku hiyo walikuja kila Jumamosi. Walihamishana mpaka hakuna aliyekumbuka alianza wapi, mpaka mama naye akiwa chumbani kwenye cherehani akawa anapaza sauti, "Zamu, umesahau kuongeza moja!"

*

Kwenye mtihani wa mwisho swali lilikuja limevaa nguo nyingine, lakini lilikuwa lilelile. Rejista hakuandika "nasimama." Aliizunguka nyumba nzima, chumba baada ya chumba, na alipomaliza akaweka kalamu chini taratibu.

Walifaulu. Wote, na wengine vizuri kiasi cha kuitwa shule kupigwa picha.

Kikaitishwa kikao cha wazazi. Makamu alisimama, suti mpya, akasoma matokeo ya somo la kompyuta kwa sauti ya kujivunia. "Haya," alisema, "ni matunda ya utawala thabiti, nidhamu, na mwalimu wetu wa hisabati aliyejitolea." Mwalimu wa hisabati alitazama sakafu. Akanyoosha mkono nusu, kama anayetaka kusema neno, kisha akaurudisha mfukoni.

Rejista alisubiri. Sentensi moja tu, ile aliyoahidiwa ofisini. Makamu akageuza ukurasa.

Aliinuka. "Samahani, mwalimu. Uliahidi kwamba tukifaulu utalifuta neno ulilomsema mjomba."

Makamu alitabasamu kwa wazazi. "Binti yetu bado ana majonzi. Leo ni siku ya furaha, tusifukue makaburi."

Pembeni kiti kilikwaruza sakafu. Bibi alikuwa amesimama.

"Baba," alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "sisi hatufukui. Sisi tulizika. Wewe ndiye uliyekwenda kumfukua mstarini ukamwonyesha watoto. Tunachoomba ni umfunike."

Mzazi mmoja alisema "Kweli," mwingine akakohoa. Makamu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akasema kwamba ajenda inayofuata ni paa la vyoo linalovuja, na kwamba muda umekwenda.

Neno lile hakulifuta siku hiyo, na hajalifuta mpaka leo. Chumba cha kompyuta bado kina kufuli, na mashine bado zimevaa vitambaa. Kidato cha tatu, wale waliokuja nyuma yao, huja uani kila Jumamosi, na bibi huwapigia makofi.